Mkimbizi wa Kipalestina na kwao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila habari za Palestina zinapozungumzwa kwa Kiswahili, iwe darasani, barazani au kwenye makundi ya simu. Mengine yanauliza kweli, mengine ni ubishi tu, lakini yote yanastahili jibu. Mifano mingi hapa inatoka Lebanon kwa sababu huko ndiko maisha ya ukimbizini yamebanwa zaidi. Wengi hudhani kinachomfunga Mpalestina na kijiji cha babu yake ni kumbukumbu. Kumbukumbu ipo, na ni nzito, ila karatasi nazo zina nguvu yake: kadi aliyopewa, hati aliyonyimwa, na daftari ambamo jina la kijiji kile bado limeandikwa.

Mkimbizi wa Kipalestina ni nani hasa?

Shirika la Umoja wa Mataifa linalowahudumia, UNRWA, linamtaja kuwa ni mtu ambaye makazi yake ya kawaida yalikuwa Palestina kati ya tarehe 1 Juni 1946 na 15 Mei 1948, akapoteza nyumba na riziki kwa sababu ya vita vya 1948, vilivyoambatana na kuundwa kwa Israeli. Watoto wanaotokana na wanaume walioandikishwa huandikishwa pia. Mwanamke mkimbizi akiolewa na mtu asiye mkimbizi, watoto wake hawaingii daftarini kama wakimbizi, ingawa wanaweza kupata huduma. Hilo lina malalamiko yake, na wenye kulalamika wana haki.

UNRWA iliundwa na Baraza Kuu Desemba 1949, ikaanza kazi Mei 1950 ikiwa na watu wapatao 750,000. Leo wanaostahili huduma zake ni karibu milioni 5.9, walioko Jordan, Lebanon, Syria, Ukingo wa Magharibi na Ghaza. Kambi zinazotambuliwa rasmi ni 58, lakini wanaoishi ndani yake hawafiki hata theluthi moja. Wengine wamepanga mijini kama watu wengine, na picha ya mahema mnayoiona kichwani ilikwisha miaka ya 1950. Ghaza ndiko mahema yalikorudi.

Walifukuzwa au waliondoka wenyewe?

Inategemea kijiji na inategemea mwezi. Kuna waliofukuzwa kwa amri: Julai 1948 wakazi wa Lydda na Ramle, makumi ya maelfu, walitolewa kwa amri ya jeshi la Israeli, wakatembea juani kuelekea upande wa Ramallah, na baadhi yao wakafa kwa kiu njiani. Kuna waliokimbia mapigano yenyewe: Haifa ilipoanguka Aprili, watu walijazana bandarini wakapanda chochote kilichoelea. Na kuna waliokimbia habari. Tarehe 9 Aprili wanamgambo wa Kiyahudi wa Irgun na Lehi waliua zaidi ya watu mia moja katika kijiji cha Deir Yassin, karibu na Yerusalemu, na habari ile ilitembea haraka kuliko jeshi lolote. Baba mwenye binti hakungoja kuthibitisha.

Lakini ubishi huu una tatizo lake. Aliyekimbia kombora na aliyetolewa kwa mtutu wote walifunga mlango wakitarajia kurudi baada ya wiki mbili tatu. Kilichowafanya wakimbizi wa maisha ni kilichofuata. Juni 1948 baraza la mawaziri la Israeli liliamua wasirudi. Waliojaribu kuvuka mpaka usiku kwenda kuvuna shamba lao au kuchukua walichoficha, wengi walipigwa risasi. Mwaka 1950 ikapitishwa Sheria ya Mali za Wasiokuwepo, na nyumba, mashamba, visima na hata akaunti za benki zikapewa msimamizi wa serikali. Kwa jumla watu zaidi ya 700,000 walipoteza makwao na vijiji zaidi ya 400 vikabaki bila wenyewe. Wapalestina wanakiita kipindi hicho Nakba, yaani maafa, na hukikumbuka kila tarehe 15 Mei.

Na Wayahudi waliotoka nchi za Kiarabu, mbona hawatajwi?

Watajwe. Wayahudi kama laki nane waliondoka au walitolewa katika nchi za Kiarabu baada ya 1948. Iraki peke yake ilipoteza zaidi ya 120,000 katika mwaka mmoja na ushee, na mali zao zikazuiwa. Hilo ni dai halali dhidi ya Baghdad, Cairo na Tripoli. Haieleweki kwa nini deni la Baghdad lilipwe na mkulima wa Galilaya ambaye hakuhusika, lakini ndivyo mabishano yanavyokwenda.

Mtu aliyezaliwa Beirut mwaka 1995 anakuwaje mkimbizi?

Kwa njia ileile mtoto wa Kisomali aliyezaliwa Dadaab anavyokuwa mkimbizi. Kambi ile ilianzishwa 1991, leo ina wajukuu, na hakuna anayeona ajabu wakihesabiwa pamoja na wazazi wao. Mtoto wa mkimbizi asiye na uraia wa nchi nyingine hubaki mkimbizi mpaka suluhisho lipatikane. Kwa Wapalestina suluhisho limechelewa tu kuliko kwa wengine, na kuchelewa kwenyewe hakujawa kosa la mtoto.

Kwa nini ndugu zao Waarabu hawawapi uraia, yakaisha?

Swali hili huulizwa kwa ukali, na mara nyingi muulizaji hajui kwamba Jordan iliwapa. Wakimbizi wa 1948 waliofika huko, pamoja na watoto wao, wengi mno ni raia wenye pasipoti; wapo zaidi ya milioni mbili. Waliokosa ni hasa waliotoka Ghaza mwaka 1967, ambao baadhi yao wako kambi ya Jerash, na mpaka leo hawana namba ya uraia. Syria haikutoa uraia, lakini sheria ya mwaka 1956 iliwapa haki ya kusoma, kufanya kazi na kuajiriwa serikalini karibu sawa na Wasyria. Misri iliwapa watu wa Ghaza hati za kusafiria ambazo kila afisa wa uwanja wa ndege anazitazama kwa mashaka.

Lebanon ni habari nyingine. Dola yenyewe imegawanywa kwa madhehebu: rais Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Msunni, spika Mshia. Wapalestina wengi ni Wasunni, na kuwapa uraia kungevuruga hesabu. Dibaji ya katiba inakataza kuwakalisha wageni kwa kudumu, na kila mtu anajua wageni wanaokusudiwa ni akina nani. Viongozi wa Kiarabu huongeza sababu ya pili, kwamba uraia utafuta haki ya kurejea. Sababu hiyo ni dhaifu. Mpalestina wa Amman ana pasipoti ya Jordan, anapiga kura, analipa kodi, na ukimwuliza ni wa wapi atakwambia Jaffa.

Tanzania mwaka 2014 ilikamilisha kuwapa uraia Warundi wa mwaka 1972 wapatao 162,000, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Tofauti ni kwamba wao waliulizwa wachague kurudi Burundi au kubaki. Mpalestina hajawahi kupewa fomu yenye visanduku viwili.

Maisha ya kambini Lebanon yakoje?

Kambi rasmi ni 12. Idadi ya walioandikishwa UNRWA nchini humo inakaribia nusu milioni, lakini sensa ya mwaka 2017 ilikuta watu 174,422 tu kambini na kwenye makazi yanayozizunguka. Pengo hilo ni watu waliokwenda zao Ujerumani, Denmark, Uswidi, Ghuba, na kadi zao zikabaki.

Baadhi ya kambi ni makazi ya kurithi. El Buss na sehemu ya zamani ya Rashidieh, karibu na Tyre, zilijengwa na Wafaransa miaka ya 1930 kwa ajili ya wakimbizi wa Kiarmenia. Wavel, kule Baalbek, ilikuwa kambi ya askari wa Kifaransa, na familia ziligawana mabweni ambayo vyumba vya katikati havioni jua.

Shatila, kusini mwa Beirut, ilianza na mahema mwaka 1949. Eneo lake halikuongezwa, kwa hiyo mtoto akioa baba humjengea juu ya dari. Nyumba sasa zina ghorofa tano, sita, juu ya misingi iliyowekwa kubeba moja. Kichochoro unakipita kwa ubavu ukikutana na mtu aliyebeba mtungi wa gesi. Juu ya kichwa kuna nyaya za umeme zilizosokotana na mabomba ya maji, na bomba likivuja mvua inaponyesha, ukuta wote unakuwa na umeme. Watu wamekufa kwa namna hiyo, watoto wakiwemo. Maji ya bomba yana chumvi. Ya kunywa hununuliwa kwa madumu, na wanaoyauza kwa mkokoteni wanajua nani analipa leo na nani mwisho wa mwezi.

Kisha kuna vita, ambavyo huko havikuwa habari za redioni. Kambi ya Tel al-Zaatar, Beirut, ilizingirwa na kufutwa 1976. Septemba 1982 wanamgambo Wakristo wa Kifalanji waliingia Sabra na Shatila wakaua kwa siku tatu, jeshi la Israeli likiwa limezunguka eneo hilo. Miaka michache baadaye vikaja Vita vya Kambi, safari hii wazingiraji wakiwa wanamgambo wa Kishia wa Amal. Mwaka 2007 jeshi la Lebanon lilipigana na kundi la Fatah al-Islam ndani ya Nahr al-Bared mpaka kambi ikawa kifusi, na watu kama 27,000 wakahamia kambi jirani ya Beddawi, wakalala madarasani. Ujenzi wake uliendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Ukihesabu, mtu mmoja mwenye umri wa miaka sabini na kitu anaweza kuwa amekimbia mara nne bila kuvuka mpaka zaidi ya mmoja.

Hawaruhusiwi kufanya kazi?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lebanon imekaa na mgeni zaidi ya miaka sabini na jembe bado imelishika yenyewe.

Udaktari, uanasheria, uhandisi na taaluma nyingine nyingi zina vyama vinavyodai mwanachama awe raia, au atoke nchi ambayo nayo inawapokea Walebanon kwa kazi hiyohiyo. Mpalestina hana nchi ya kubadilishana nayo, basi mlango umefungwa. Daktari aliyesomea chuo cha Beirut hutibu ndani ya kambi kwa mshahara wa chini, au huandikwa kwa cheo kingine hospitalini akifanya kazi ileile. Marekebisho ya mwaka 2010 yalirahisisha vibali vya kazi za kawaida, lakini mwajiri gani atajisumbua kuomba kibali wakati anaweza kumlipa fundi mkononi bila karatasi? Hivyo wengi wako kwenye ujenzi, mashamba ya michungwa ya kusini, karakana na vibanda vya kambini.

Ardhi ni vilevile. Sheria ya mwaka 2001 inamzuia asiye na uraia wa dola inayotambuliwa kumiliki nyumba. Hata fleti ambayo baba aliinunua kabla ya sheria ni tabu kuiandikisha kwa jina la mrithi. Wengine huandika mali kwa jina la rafiki Mlebanoni au mke raia, na ndoa ikivunjika, nyumba nayo imekwenda.

Ni kweli wanatunza funguo za nyumba?

Wapo wanaotunza, na ni funguo kweli, za chuma, kubwa kama kiganja. Ila picha ya kila familia kuwa na ufunguo ukutani imetiwa chumvi. Nyumba nyingi za vijijini hazikuwa na kufuli la maana, na familia zilizopitia Tel al-Zaatar, Shatila au Yarmouk, kule Damascus, zilipoteza vyote mara ya pili. Ufunguo umekuwa alama. Kambi ya Aida, Bethlehemu, ina mmoja mkubwa mno juu ya lango lake.

Kitu kinachotunzwa kwa uangalifu zaidi hakipigwi picha sana: karatasi. Hatimiliki za enzi za Waturuki, risiti za kodi ya ardhi za utawala wa Waingereza, cheti cha kuzaliwa chenye neno Palestina kwa lugha tatu. Hukaa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kopo la biskuti, na mtu akikimbia anabeba kopo lile kabla ya nguo. Hazikosi maana kisheria. Tume ya Usuluhishi ya Umoja wa Mataifa ilitumia miaka mingi kuorodhesha mashamba ya wakimbizi, kiwanja kwa kiwanja, na ikamaliza mwaka 1964. Orodha hizo zipo New York. Kwa hiyo anayesema madai haya hayawezi kuhakikiwa hajaulizia.

Mtoto ambaye hajawahi kuiona Palestina anaijuaje?

Anaanza na mtaa. Mwaka 1948 watu walikimbia kijiji kwa kijiji wakapiga mahema kijiji kwa kijiji, na mpangilio ule haujafutika. Ain al-Hilweh, kambi kubwa kuliko zote Lebanon, ina mitaa ya Safsaf, Hittin, Taytaba, Lubya na Saffuriyya, vyote vijiji vya Galilaya. Mtoto akitumwa dukani anaambiwa pitia Safsaf. Ukimwuliza ni wa wapi hasemi Lebanon wala hasemi kambini, anataja kijiji. Mabibi nao huuliza hilohilo posa ikija, kwa sababu wanajua watu wa kijiji kipi ni wabahili na wa kipi ni wagomvi, na hukumu ile ya mwaka 1940 inamwangukia kijana aliyezaliwa 1998.

Shule nyingi za UNRWA zina majina ya miji ya Palestina. Kwenye harusi kuna ngoma ya dabke. Jikoni kuna zaatari, yaani majani makavu ya viungo, na mafuta ya zeituni, na kuku wa musakhan mwenye vitunguu vingi na kiungo chachu kiitwacho sumac. Kisha kuna darizi. Zamani nguo ya mwanamke ilikuwa kitambulisho: rangi ya uzi, mpangilio wa misonobari na nyota kifuani, vilitosha kukwambia katoka Ramallah au Beit Dajan, ameolewa au mjane. Kambini mafundi wa vijiji mbalimbali walikaa kizingiti kimoja wakaazimana mitindo, na baada ya intifada, yaani uasi wa Wapalestina, ya 1987 wakaanza kutarizi bendera na ramani, vitu ambavyo askari angekunyang'anya ukivibeba mkononi. UNESCO iliiweka sanaa hiyo kwenye orodha yake mwaka 2021. Wanaoishi kwayo kambini hulipwa kwa kipande, na macho huwaishia mapema.

Na kuna Handala, kivulana wa katuni, peku, mwenye viraka, amekupa mgongo, mikono nyuma. Alichorwa na Naji al-Ali, mzaliwa wa kijiji cha al-Shajara aliyekulia Ain al-Hilweh. Alisema Handala ana miaka kumi, umri wake mwenyewe alipoondoka kwao, na hatakua mpaka arudi. Al-Ali alipigwa risasi London Julai 1987 akafariki mwezi uliofuata. Handala yuko kwenye kila ukuta.

Vijiji vyenyewe viko wapi sasa?

Vingi vilibomolewa. Juu ya vingine imepandwa misonobari, na mgeni anayekula chakula cha mchana chini ya kivuli huenda asitambue kwa nini kuna ngazi za mawe zisizoelekea popote. Dalili ya uhakika ni mpungate. Wanakijiji waliupanda kuwa ua wa mashamba, na mmea huo haufi kwa tingatinga. Unachipua kwenye mstari uleule wa mpaka.

Lifta, pembeni mwa Yerusalemu, nyumba zake za mawe bado zimesimama bila watu. Kisa kigumu kuliko vyote ni Ein Hawd, kusini mwa Haifa. Haikubomolewa. Mwaka 1953 ilifanywa kijiji cha wasanii wa Kiisraeli, na msikiti ukageuzwa mgahawa. Wengi wa wenyewe waliishia kambi ya Jenin, lakini familia moja ilibaki mlimani umbali mfupi, ikajenga upya, ikaishi miongo kadhaa ikitazama madari yake kutoka juu. Kijiji chao kipya kilitambuliwa na serikali mwaka 1992 na umeme ukachelewa zaidi ya hapo. Hao ni raia wa Israeli. Sheria inawaita wasiokuwepo walioko, na huo si utani wangu, ndiyo hadhi yao kisheria kuhusu mali walizoacha.

Mshairi Mahmoud Darwish alikuwa miongoni mwao. Alikimbia al-Birwa na wazazi wake akiwa mtoto, wakakaa Lebanon mwaka mmoja, wakarudi kwa siri na kukuta kijiji hakipo. Alifariki mwaka 2008 Marekani akazikwa Ramallah. Al-Birwa haikuwezekana.

Wanaweza angalau kwenda kutembea?

Inategemea pasipoti. Mpalestina mwenye uraia wa Kanada au Uingereza anaweza kuingia kama mtalii, baada ya kuhojiwa saa kadhaa uwanja wa ndege. Hufika Haifa au Jaffa akiwa na ramani aliyochorewa na bibi kwa kalamu ya risasi. Wengine hugonga mlango. Kuna wanaokaribishwa kahawa na wakazi wa sasa, kuna wanaofungiwa, na kuna wanaokuta ni ofisi ya wakili. Wanaosimulia safari hizi hutaja mara nyingi kitu kidogo: vigae vya sakafu ni vilevile bibi alivyosema.

Aliye na hati ya Lebanon hawezi. Lebanon na Israeli ziko katika hali ya vita, na hati yake haimfikishi popote pa maana hata hivyo. Mwaka 2000, Israeli ilipoondoka kusini mwa Lebanon, ilitokea nafasi ya siku chache. Watu walikodi mabasi kutoka kambini wakafika kwenye seng'enge ya mpakani, na jamaa zao wa Galilaya wakaja upande wa pili. Ndugu walioachana mwaka 1948 walishikana mikono katikati ya waya, wakapitishiana picha, na wengine wakaomba wapewe udongo. Baadaye waya wa pili uliongezwa. Tarehe 15 Mei 2011 waandamanaji waliposhuka hadi ua wa Maroun al-Ras, wapatao kumi waliuawa kwa risasi.

Wakifa wanaweza kuzikwa huko?

Wachache. Iqrit, kijiji cha Wakristo karibu na mpaka wa Lebanon, wakazi wake walihamishwa 1948 kwa ahadi ya kurudi baada ya wiki mbili. Walishinda kesi Mahakama Kuu Julai 1951; mkesha wa Krismasi mwaka huohuo jeshi likazilipua nyumba zao na kubakiza kanisa. Sasa wanaruhusiwa kusali na kuzika. Kuishi, hapana. Profesa Ibrahim Abu-Lughod, aliyezaliwa Jaffa 1929 na kufundisha Marekani, alizikwa Jaffa mwaka 2001, na pasipoti yake ya Marekani ilisaidia. Wengine huzikwa walipofia, na makaburi ya kambini Lebanon yamejaa hadi kuzika juu ya waliotangulia.

Haki ya kurejea imeandikwa wapi?

Azimio 194 la Baraza Kuu, Desemba 11, 1948, aya ya 11: wanaotaka kurudi makwao na kuishi kwa amani na jirani zao waruhusiwe mapema iwezekanavyo, na wasiotaka walipwe fidia ya mali. Israeli inajibu kwamba maazimio ya Baraza Kuu hayalazimishi, na kwamba kurudi kwa mamilioni kungeondoa wingi wa Wayahudi. Sheria yake ya Kurejea ya mwaka 1950 inampa kila Myahudi popote alipo haki ya kuhamia. Mtu aliyezaliwa Haifa, anayeishi saa mbili kwa gari kutoka hapo, hana.

Je, wote wangerudi? Sidhani, na wengi wao wakikaa faraghani husema hivyohivyo. Kijana wa Berlin mwenye duka lake hatalifunga akalime kijijini Suhmata. Anachodai ni kuulizwa.

Wakifika Ulaya wanapokewa kama wakimbizi wengine?

Kuna mkanganyiko hapa unaowaumiza watu. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu 1D, unawaweka kando wanaohudumiwa na chombo kingine cha Umoja wa Mataifa, yaani UNRWA. Lakini kifungu hichohicho kinasema huduma hiyo ikikoma, mkataba unawahusu moja kwa moja. Desemba 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya El Kott iliyotoka Hungaria, iliamua kwamba aliyelazimika kuondoka kwa sababu zisizo katika uwezo wake anastahili hadhi ya ukimbizi bila kuanza upya kuthibitisha mateso. Kwa hiyo kadi ya UNRWA isitupwe wala isifichwe mbele ya afisa. Ni ushahidi.

Kufika kwenyewe ndiko balaa. Septemba 2022 boti iliyotoka kaskazini mwa Lebanon ilizama karibu na Tartus, Syria, wakafa zaidi ya tisini, Walebanon, Wasyria na Wapalestina, wengi wa hao wa mwisho wakitoka Nahr al-Bared.

Kwa nini Ghaza husemwa ni ya wakimbizi?

Kwa sababu kama asilimia 70 ya watu wake walikuwa wakimbizi kabla ya vita vilivyoanza Oktoba 2023. Wanatoka Isdud, Hamama, Beit Daras, al-Majdal ambayo leo ni Ashkelon. Kwa wengine shamba la babu liko upande wa pili wa ua. Katika vita hivyo Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu wapatao milioni 1.9, tisa katika kila kumi, walihama makwao, wengi zaidi ya mara moja. Ukingo wa Magharibi nako, mwanzoni mwa 2025 operesheni za jeshi la Israeli ziliwatoa watu kama 40,000 katika kambi za Jenin, Tulkarm na Nur Shams.

Ni kweli Wayahudi waliahidiwa Uganda?

Mwaka 1903 Uingereza ilipendekeza, na eneo lenyewe lilikuwa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Kongamano la Wazayuni lililikataa mwaka 1905. Wenyeji wa Uasin Gishu hawakuulizwa.

UNRWA bado inafanya kazi?

Ndiyo, kwa shida. Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa, ilikata fedha 2018, ikarudi 2021, ikasitisha tena Januari 2024 baada ya Israeli kuwatuhumu wafanyakazi kadhaa kushiriki shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulisema tisa huenda walihusika, na wakaachishwa kazi. Sheria za bunge la Israeli zilizoanza kutumika Januari 30, 2025 zinalizuia shirika kufanya kazi katika eneo ambalo Israeli inalihesabu kuwa lake, Yerusalemu Mashariki ikiwemo, na zinawakataza maafisa wake kuwasiliana nalo.

Wengine hudai UNRWA ikifungwa, ukimbizi utakwisha. Haki ya kurejea iliandikwa mwaka mmoja kabla ya shirika kuundwa na haitegemei uhai wake. Kitakachofungwa ni shule, zahanati na daftari. Familia zenye busara zimekwisha kupiga nakala ya kurasa zao.